Kadi ya Matibabu Kabla ya Miaka Sitini: Somo kwa Kamati za Sharika



Somo la toleo hili linawahusu watu wenye umri wa miaka 45 hadi 60, pamoja na kamati za sharika zinazowahudumia. Tumelichagua kutokana na barua za maombi ya msaada zinazotufikia kupitia kamati za diakonia. Barua hizo zinafanana sana: mzee amelazwa, bili imepanda kuliko uwezo wa familia, usharika umechanga ukafika nusu, tunaomba Dayosisi na marafiki zetu wamalizie. Ukizisoma kwa utulivu unaona kwamba mzee huyo alikuwa kazini mpaka juzi tu. Wakati akipokea fedha kila mwezi, hakuna aliyemuuliza atatibiwa kwa kadi gani siku fedha hizo zitakapokoma.

Tunashauri kamati zisome somo hili kwa vikao viwili. Kikao cha kwanza kinaweza kufunguliwa kwa Zaburi ya 71, ambayo ni sala ya mtu aliyezeeka. Sehemu isiyohusu usharika wenu irukeni.

Wauguzi wawili katika wodi moja

Tuchukue mfano wa hospitali ya Kanisa yenye mkataba wa huduma na Serikali. Katika wodi moja kuna wauguzi wawili. Mmoja ni mwajiriwa wa Serikali aliyeletwa hospitalini chini ya mkataba huo. Mwenzake ameajiriwa na hospitali yenyewe. Wanavaa sare moja, wanapokezana zamu, na watafikisha miaka 60 mwaka mmoja.

Yule wa kwanza amekuwa akikatwa mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001. Mchango wa mtumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara: 3 anakatwa yeye na 3 inatolewa na mwajiri. Kwa mshahara wa shilingi 900,000, hiyo ni shilingi 54,000 kwa mwezi, na kati ya hizo 27,000 ndizo zinazotoka mfukoni mwake. Kwa mchango huo anatibiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wengine hadi wanne. Akistaafu akiwa ametimiza masharti ya Mfuko, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kukatwa tena.

Yule wa pili hana uhakika huo. Kama hospitali ilimwandikisha na kupeleka michango, anayo kadi leo. Lakini kadi ya mtumishi wa taasisi isiyo ya Serikali inaishi kwa mchango wa mwezi. Je, mchango ukikoma siku ya kuagwa kwake, kadi itaendelea? Kamati ya ajira ya hospitali au usharika isimwahidi mtumishi kwamba atatendewa kama mstaafu wa Serikali kabla ya ofisi ya Mfuko kulithibitisha hilo kwa maandishi. Ahadi ya mdomo inayotolewa katika ibada ya kumwaga mtumishi haisomeki dirishani.

Kwa huyu wa kwanza tunalo jambo moja la kumwonya. Baada ya kustaafu, haki inabaki kwa watu wawili tu, mstaafu na mwenza. Mama mzazi aliyekuwa kwenye kadi anatoka, na watoto wanatoka. Tunawafahamu walimu na wauguzi wanaowatunza wazazi wenye umri wa miaka 80 kwa kadi zao, nao wenyewe wamebakiza miaka miwili kazini. Mtu wa namna hiyo aanze sasa kuzungumza na wadogo zake ili mmoja wao aliye kazini amwandikishe mama. Asisubiri mpaka kadi ikataliwe mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Posho ya mwinjilisti

Sasa tuje kwa watu walio karibu zaidi na kamati: mwinjilisti, mwalimu wa chekechea, mhudumu wa zahanati ya usharika, mlinzi, mpishi wa kituo. Wengi wao hawana mkataba wa ajira. Wanachopokea kila mwezi kinaitwa posho, na kwa kuwa kinaitwa posho hakikatwi chochote. Maoni yetu ni kwamba neno hili limewaumiza watumishi wengi. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, anayepangiwa kituo na kuhamishwa kwa barua, na anayelipwa mwisho wa mwezi, huyo ni mwajiriwa, na usharika ni mwajiri wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inamtaka mwajiri wa sekta rasmi, wa umma na wa binafsi, awaandikishe watumishi wake. Kanisa halikutengewa mlango wa pembeni.

Aidha kuna suala la pensheni, ambalo linagusa matibabu moja kwa moja. Watumishi wa Kanisa wanaochangiwa huwa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla ya mwajiri na mfanyakazi. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi ya uzee anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, ambayo ni miaka 15. Hesabu yake ni nyepesi lakini watu huikwepa. Ukiondoa 15 kwenye 60 unabaki na 45. Mwinjilisti aliyeandikishwa akiwa na miaka 45 anafika. Aliyeandikishwa akiwa na miaka 52 atafika 60 akiwa na michango ya miaka minane, atapewa mafao ya mara moja, na baada ya hapo hakuna kinachokuja mwisho wa mwezi. Huyu wa miaka 52 anahitaji mpango wa matibabu usiotegemea pensheni, na mpango huo ni lazima upangwe leo.

Wapo pia wanachama wa NSSF wanaotibiwa kupitia fao la matibabu lijulikanalo kama SHIB, ambalo halina makato ya ziada. Ni fao zuri kwa aliye kazini. Limejengwa juu ya michango inayoingia, hivyo basi mtu asilihesabu kuwa ndiyo kadi yake ya uzeeni.

Mweka hazina wa usharika atauliza fedha zitatoka wapi. Ni swali halali, na hatuna jibu la kuvutia: zitatoka katika bajeti ya mwaka, katika fungu lenye jina lake, kabla ya fungu la vipaza sauti. Usharika unaochanga mara tatu kwa mwaka kulipia bili za wagonjwa wake tayari unatoa fedha hizo. Unazitoa kwa kuchelewa, na kwa mtu mmoja mmoja.

Mzazi kwenye kadi ya mtoto

Hii ndiyo njia tunayoiona imesahauliwa kuliko zote, nayo haiugharimu usharika hata senti moja. Kati ya wategemezi wanne wa mwanachama wa NHIF wanaweza kuwemo wazazi wake, au wakwe zake. Kwa maneno mengine, mwinjilisti asiye na kadi lakini mwenye binti mwalimu wa shule ya msingi ya Serikali anaweza kuwa na kadi kupitia binti huyo, na mkewe vilevile, mradi nafasi zipo.

Kwa nini haifanyiki? Wakati mwingine nafasi zimejaa watoto, na hapo hakuna lawama. Lakini mara nyingi ni aibu. Mzee anaona haya kumwambia mtoto, "Mwanangu, niandike." Mtoto naye anadhani baba anatibiwa na Kanisa. Kila mmoja anamstahi mwenzake mpaka siku ya kulazwa. Katika hali kama hii mzee wa kanisa wa mtaa husika anaweza kusaidia sana kwa kufanya ziara moja ya nyumbani wakati wa likizo, watoto wakiwa wamekuja, na kulisema jambo hilo mbele ya wote: "Mama Mwalimu, shikamoo ya asubuhi ni njema, lakini baba yako anahitaji pia jina lake liwe kwenye fomu." Watacheka, na wataanza kuhesabu nafasi.

Ndugu wakiwa wawili au watatu kazini, wagawane: mmoja amchukue baba, mwingine mama, na anayebaki asaidie nauli na dawa zisizopatikana.

"Nikifika sitini Serikali itanitibu"

Sentensi hii tunaisikia kila mahali, na ina ukweli ndani yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa wazee wasio na uwezo. Ndiyo maana hospitali nyingi zina dirisha au chumba cha wazee, na halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho vya matibabu.

Maneno ya kuyashika ni "wasio na uwezo". Msamaha hauji wenyewe siku ya kuzaliwa. Majina hupitia serikali ya kijiji au mtaa, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huhusika. Mzee mwenye nyumba ya bati na migomba ekari mbili anaweza kuulizwa maswali, na asipokuwa na mtu wa kumsemea hurudi nyumbani. Pili, msamaha unafanya kazi katika vituo vya Serikali. Katika hospitali ya Kanisa hutegemea kama kuna mkataba na halmashauri, na mkataba huo unasema nini. Ni vizuri kamati ikaulize kabla ya mzee kuugua, kwa sababu tumeona watu wakiipita hospitali ya wilaya na kwenda hospitali ya Kanisa wakiamini kwamba kwa kuwa ni ya Kanisa haitatoa bili.

Tatu, na hili ndilo linaloumiza zaidi, msamaha unaondoa malipo lakini hauleti dawa iliyokwisha stoo. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari anamwona daktari bure, kisha anaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dukani. Mwezi wa kwanza ananunua. Mwezi wa pili anameza nusu ya kipimo ili dawa zifike mbali. Msamaha ni msaada wa kweli, na kamati isaidie kila mzee anayestahili aupate, lakini mtu wa miaka 55 mwenye uwezo wa kuchangia asiufanye kuwa mpango wake.

CHF, vifurushi, na sheria mpya

Wasomaji wetu wa vijijini wanaufahamu Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa kuanzia 2018, kaya ya watu sita nje ya Dar es Salaam ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma ilianzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa malaria, uzazi na vidonda ilikuwa bei ya kushukuru. Lakini angalia magonjwa ya uzeeni: tezi dume, saratani, nyonga iliyovunjika, figo. Hayo mara nyingi huishia KCMC, Bugando, Ocean Road au Muhimbili, na huko kadi iliyoishia ngazi ya mkoa haifiki. Somo hilo halizeeki. Kwa bima yoyote unayoonyeshwa, uliza kwanza inaishia ngazi gani ya hospitali, ndipo uulize bei.

NHIF nayo ilileta vifurushi vya watu binafsi mwaka 2019, vikiwa na bei kwa makundi ya umri: miaka 18 hadi 35, 36 hadi 59, na 60 na kuendelea. Kundi la mwisho ndilo lililolipa zaidi. Wengi walilalamika, na tunaelewa kwa nini, lakini sababu yake ifahamike. Bima huishi kwa wenye afya kuchangia pamoja na wagonjwa. Watu wakingoja kuugua ndipo wajiandikishe, mfuko hulipa kuliko unavyokusanya. Hilo ndilo lililoikuta kadi ya watoto ya Toto Afya, iliyositishwa kwa uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja mwaka 2023.

Sheria ya 2023 inakusudia kumaliza tatizo hilo kwa kumtaka kila mkaazi awe na bima, huku ikiweka utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua. Hivyo kiwango cha mchango wa kaya na orodha ya huduma visomwe katika tangazo la Serikali la mwaka husika, katika ofisi ya Mfuko au ya halmashauri. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya usharika miaka mitatu iliyopita iondolewe.

Jambo jingine la kuangalia ni orodha ya vituo. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kutokana na mvutano juu ya kitita kipya cha bei. Mzee anayetegemea kituo kimoja tu ajue kingine kilicho karibu kinachopokea kadi yake.

Na kwa wale watakaopata mkupuo, tunaongeza neno moja. Mkupuo ni sehemu tu ya mafao. Kiasi kikubwa huja kidogo kidogo kila mwezi. Lakini mchango wa bima wa mtu binafsi au kaya hulipwa kwa mwaka mzima. Pensheni ya mwezi huliwa na sukari, ada ya mjukuu na michango ya misiba, na siku ya kulipa bima inafika hakuna kitu. Tungeshauri mstaafu asiye na kadi atenge mchango wa miaka mitatu siku ileile mkupuo unapoingia, kabla paa halijazungumzwa.

Vitabu vilivyo kabatini mwa usharika

Hapa ndipo kamati inaweza kufanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Uandikishaji wa bima, pensheni na msamaha wa wazee vyote hukwama kwenye karatasi. Mzee hana cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho cha Taifa kinasoma Yohana, orodha ya mishahara inasoma John, na kwenye fomu ya mtoto wake ameandikwa kwa jina la ukoo pekee. Mwaka wa kuzaliwa ni "mwaka wa njaa" kwa kumbukumbu ya familia na mwaka mwingine kwenye kadi ya kura.

Lakini jina lake lipo katika kitabu cha ubatizo. RITA, katika usajili wa kuzaliwa uliochelewa, hukubali cheti cha ubatizo kama mojawapo ya nyaraka za kuthibitisha. Kwa hiyo kile kitabu cha zamani chenye jalada lililochakaa, kilichoandikwa kwa wino na mchungaji ambaye sasa ni marehemu, ni mlango wa matibabu wa watu wengi. Kitolewe kwenye kabati linalovuja. Anayekisimamia aweze kutoa cheti bila kumrudisha mzee mara nne, na aandike jina kama lilivyo kitabuni bila kulirembesha.

Ndoa nayo iangaliwe. Mwenza huandikishwa kwa cheti cha ndoa. Wapo wanandoa walioishi pamoja miaka 30 kwa mahari na heshima zote, bila cheti. Wengine walifunga ndoa kanisani na cheti kikaungua au kuliwa na mchwa. Kwa hao wa pili kitabu cha ndoa cha usharika kipo. Kwa hao wa kwanza mchungaji ana kazi ya kufanya, na tunapendekeza aifanye wakati mume bado yuko kazini, kwa sababu siku ya kustaafu ni mke asiye na cheti atakayebaki nje ya kadi.

Neno kwa marafiki na wafadhili

Baadhi ya marafiki zetu wameuliza kwa nini tunaomba fungu la kuwaandikisha watu na kuwasaidia kupata vyeti, wakati wagonjwa waliolazwa wapo na wanaonekana. Tunatambua kwamba ni rahisi zaidi kumweleza mtu habari za mama aliyefanyiwa upasuaji kuliko habari za nauli ya kwenda RITA. Bili za wagonjwa hatutaacha kuziombea msaada. Lakini bili iliyolipwa inamaliza ugonjwa mmoja, na mtu huyohuyo hurudi nyumbani bila kadi. Fedha za nauli, ada ya cheti na mchango wa mwaka wa kwanza ni ndogo, nazo humtoa mtu katika orodha ya wanaongoja kuchangiwa. Kinachobaki ni mchango wa mwaka wa pili, na huo tunataka utoke kwa familia na usharika wenyewe. Mfadhili akiulipa milele, familia itaacha kuuhesabu.

Ya kujadili kikaoni

Watumishi wangapi wa usharika wetu wanalipwa kila mwezi, na ni wangapi wana mkataba ulioandikwa? Yupi kati yao amefika miaka 45, na yupi ameipita? Michango yao ilifika kweli kwenye mfuko, au ilikatwa tu? (Taarifa ya michango ya mwanachama huombwa na mwanachama mwenyewe, msimwombee bila ridhaa yake.) Hospitali ya Kanisa iliyo karibu nasi ina mkataba gani kuhusu wazee wa msamaha? Nani anashika ufunguo wa kabati la vitabu vya ubatizo na ndoa, na hupatikana siku gani? Na kwa kila mtumishi atakayefikisha miaka 60 ndani ya miaka mitano ijayo, ni mzee gani wa kanisa atakayekwenda kuzungumza naye na watoto wake, na atakwenda lini?